Shati la Krismasi la Sylus

Wakesho ni fundi wa nguo pale Voi, karibu na soko, na ni binamu yangu, kwa hivyo nikisema ni mkaidi sihitaji ruhusa ya mtu. Mwaka huu yeye ndiye aliyeshona sare za kwaya yetu ya kijijini Mwanda. Alitupanga foleni nje ya kanisa akatupima mmoja mmoja kwa tepu yake, mpaka zamu ya Sylus ilipofika.

Huyo Sylus aliwahi kuwa mchumba wake. Alienda kufanya kazi Mombasa, simu zikapungua, mwishowe zikakatika, na Wakesho akalia hadi akakonda. Sasa amekuja nyumbani kwa Krismasi na ameomba kuimba besi kama zamani. Alinyoosha mikono apimwe. Wakesho akakunja tepu.

"Wewe nenda. Size yako naijua."

Moyo wangu uliruka! Miaka yote hiyo, na bado anaijua! Wakesho mwenyewe alidhani amemkomesha.

Shida ni kwamba Mombasa imemlisha vizuri. Sylus wa sasa ana tumbo. Asubuhi ya Krismasi wanaume wawili walimsaidia kulivaa lile shati la kitenge, akasimama mstari wa nyuma akibana pumzi. Sasa besi utaiimbaje bila pumzi? Tulipofika kwenye kiitikio alivuta hewa, na kifungo kikaruka juu ya vichwa vyetu, kikagonga ngoma, ti! Kanisa lote lilicheka, mchungaji akiwemo, na mimi nililazimika kushika mbavu. Wakesho peke yake aliinamisha uso, maana kila mama pale alielewa shati lile lilishonwa kwa kumbukumbu ya kijana mwembamba ambaye hakuwahi kusahauliwa.

Baada ya ibada alimvuta Sylus kando ya ukuta, akachomoa sindano ambayo haikosi kwenye kola yake, akaanza kushona kifungo shati likiwa mwilini. Mimi nilijifanya nafunga kiatu. Kiatu chenyewe hakina kamba.

"Wakesho, nilikukosea sana," Sylus akasema. "Nimepata kazi pale Voi, lakini sijawajibu. Nangoja neno lako. Ukinikataa, narudi Mombasa."

Wakesho akavuta uzi tu. Nilitamani kumfinya! Alimaliza kushona, akainama kukata uzi kwa meno, pua yake ikagusa kifua cha Sylus, na hakuwa na haraka ya kuiondoa.

"Kesho uje dukani nikupime," akasema, yeye aliyetuapia sote kwamba hafungui duka mpaka Januari. "Na usivute tumbo ndani. Nataka kumshonea huyu aliyerudi."

Nikapiga kigelegele, ndipo wote wawili wakajua nilikuwa nasikiliza.