Baiskeli ya Kupimia Moyo

Maamuma hanyanyuki kabla ya imamu. Kwa hiyo siku niliyopitiwa na usingizi kwenye sijida nikiswalisha, watu wote walibaki chini wakinisikiliza nikikoroma. Kisha mkoromo ukakatika, na wakadhani nimefariki. Mmoja akasema "Subhanallah" kwa sauti, nikashtuka huku nikitafuta hewa.

Madaktari bingwa waliokuja Tabora walinipima usingizi. Wakaniambia koo langu huziba nikilala, pumzi hukatika, na moyo unaumia. Sasa walitaka kuuona moyo huo ukifanya kazi, juu ya baiskeli isiyokwenda popote. Nilikubali. Lakini niliamini ningefia palepale.

"Shikamoo babu. Umekunywa chai?" aliuliza muuguzi.

"Marahaba. Leo Alhamisi, mwanangu. Nimefunga."

"Umefunga! Unataka kuniangukia hapa?"

Mke wangu, aliyenisindikiza, alikwishafungua mkoba. "Ni sunna, bwana, si Ramadhani. Kula tende. Hukuamrishwa ufie juu ya baiskeli."

Nilikula, nikanywa uji, tukasubiri utulie tumboni. Halafu wakanibandika nyaya kifuani na kunifunika pua na mdomo kwa barakoa ya kupimia pumzi.

Ujanani niliendesha baiskeli yenye madumu ya asali kutoka Goweko, nikipita porini peke yangu. Sikuwahi kuogopa namna hii.

"Kanyaga, mzee. Ongeza," alisema daktari.

Miguu ikawa mizito. Jasho likaniingia machoni. Muuguzi, aliyekuwa akinitania, akatazama kioo cha mashine, kisha akamtazama daktari. Nikaanza kutamka shahada, lakini pumzi haikutosha kuimaliza. Nikaimalizia moyoni.

"Bado kidogo," akasema daktari. Kidogo hicho kilikuwa kirefu mno. Hatimaye akanigusa bega nipunguze.

"Moyo umechoka, ila umestahimili. Utatibika, mradi kila unapolala uvae mashine ya hewa."

"Na asipoivaa?" mke wangu akauliza.

Daktari alinitazama mimi. "Mzee amenielewa."

Nilimshukuru Mwenyezi Mungu, na nashukuru hadi leo. Lakini mchana ule waliponilaza ili kuijaribu, hewa ikanisukuma puani kwa nguvu. Mke wangu akavuta kiti karibu.

"Lala," akasema. "Mimi nipo macho."

Nilimwangalia kwa muda mrefu, nikiogopa kufumba macho yangu.