Mafuta ya Kukesha

Enzi zetu (nina miaka kumi na saba, msinicheke), mafuta yalikuwa yanalala. Asubuhi za mvua pale kwa Bibi, Kamenge, chupa ya mawese ilikuwa inaamka imeganda, nyekundu kama tofali, na sisi wajukuu tunachomeka kijiti shingoni mwake, tunalamba. Ndagala, dagaa wetu wa ziwani, zilikaangwa humo mpaka moshi ukatutoa machozi. Sare ikipata doa la mawese, doa hilo lilimaliza shule pamoja nawe. Mdogo wangu Aline hajui raha hiyo. Yeye hata ndizi anaitaka na mayoneze.

Sokoni Bibi alikuwa na kipimo kimoja tu: "Mafuta ya kweli inalala. Isiyolala, wameichanganya."

Sasa mwaka huu daktari akamwambia kolesteroli imepanda, moyo uko hatarini, apunguze mawese, atumie alizeti. Mama akanunua. Bibi akaiweka chupa dirishani wiki nzima ya mvua, kila asubuhi anaichungulia.

"Apana," akasema. "Hii haijalala hata siku moja. Mi sili mafuta ya kukesha."

Akarudia mawese yake. Mama akalia jikoni, akisingizia vitunguu.

Mimi darasani sinyooshi mkono, hata jibu nikiwa nalijua. Lakini siku ile niliogopa kumpoteza Bibi kuliko ninavyoogopa kuongea. Nikamweleza somo letu la shimi, yaani kemia.

"Bibi, mafuta ni kama nyuzi ndogo ndogo. Za mawese, nyingi zimeshiba hidrojeni, zimenyooka, basi zinabanana kama watu kwenye mkeka mmoja. Ndiyo maana zinalala. Ukizizidisha, kolesteroli inapanda. Za alizeti zina mkunjo, hazibanani."

Bibi akayatazama magoti yangu. "Mkunjo kama magoti yako ulipokuwa mutoto? Mulilala watano, na hakuna aliyeweza kukukaribia."

"Eee, Bibi. Kama mimi."

"Kumbe si ya wezi, ni mukorofi tu. Aya, leteni huyo Goreti."

Goreti ni mimi. Tangu hapo ni chupa pia. Mawese yamebaki ya Jumapili, kijiko kimoja. Siku nyingine ndagala zimepauka, harufu haifiki tena barabarani, na nasema kweli, ule wekundu nautamani mpaka leo. Lakini asubuhi za mvua Bibi bado anatutangulia kuamka. Anaitikisa chupa pale dirishani, halafu ananigongea mlango:

"We Goreti, amka. Mwenzako hajalala tena."