Kuhemea kwa Mdogo Wangu Balangdalalu

Kwetu, huku juu Mbulu, mahindi yalikauka kabla ya kubeba. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano, akauliza nani hana chakula ili aletewe msaada. Nikainamia viatu vyangu. Mimi ni mzee wa kanisa. Nisimame mbele za watu niombe mahindi? Hakusimama mtu. Siku chache baadaye watoto walikula majani ya maboga bila ugali, na mke wangu akaniambia, "Baba Neema, nenda kwa mdogo wako Paulina."

Alfajiri nilificha gunia tupu ndani ya begi, nikapanda basi la Haydom. Kondakta aliponiuliza safari ya wapi, nikasema msibani. Mungu anisamehe.

Kutoka Haydom nilichukua bodaboda. Tulipita Basotu, mashamba ya ngano yamebaki mabua matupu. Kadiri tulivyokaribia nilitamani njia irefuke.

Balangdalalu tulifika mchana. Mdogo wangu Paulina alitoka mbio kunipokea. "Shikamoo kaka. Na nyie mmepata mahindi ya msaada?"

"Marahaba. Kwetu hayajaletwa."

Alipopokea begi langu, akaliona gunia tupu. Alichukua sado, kindoo chake cha kupimia nafaka, akaanza kunichotea kutoka gunia lake, ambalo halikuwa hata nusu.

Mara akaingia afisa kijana kutoka mkoani, anakagua ugawaji nyumba kwa nyumba. Paulina akamkabili. "Mbona watu wa kwa kaka mmewaruka?"

Kijana aliuliza ni kijiji gani, nikakitaja kwa sauti ya chini.

"Shikamoo mzee. Pale tulipanga kupeleka. Mkutano ukasema hakuna mwenye shida, tukayaleta huku."

Niliona aibu, tena mbele ya mdogo wangu niliyembeba mgongoni utotoni. Nikangoja anifukuze. Paulina alichota tena, akasema, "Kaka, shika mdomo wa gunia."

Jioni ya kesho yake nilishuka kijijini. Jirani yangu Mama Safari akauona mzigo. "Umetoka wapi nao, mzee?"

Uongo nilikuwa nao tayari, ila ulinishinda. "Kuhemea chakula. Ndani hamna kitu."

"Hata kwangu hamna. Siku ile mkutanoni tulikuwa tunakuangalia wewe. Ungesimama, na sisi tungesimama."

Nikautua mzigo palepale njiani, nikamwambia alete chombo. Nilidhani nimeificha njaa ya nyumba yangu, kumbe nimekinyima chakula kijiji kizima.