Taa ya Mama Brayson

Dada yangu Eunike alishika taa kwenye harusi za watu kwa karibu miaka kumi, na alipokufa hatukupata picha yake ya maana ya kutanguliza mbele ya jeneza. Watu walisema ni bahati mbaya. Mimi nilisema ni mume wake, tena nilimwambia usoni.

Mume wake ni Aminiel, Mmeru wa mlimani kama sisi. Walifunga ndoa kipindi kile cha ukosefu, sabuni kwa foleni, filamu za kamera hakuna mji mzima, kwa hiyo harusi yao ilipita bila picha. Enzi za ruksa zilipoingia na maduka ya Arusha yakaanza kujaa vitu vya Dubai, Aminiel aliuza ng'ombe akanunua kamera ya video ya kubeba begani. Wakahamia Olasiti. Ikawa sendofu ya kuaga bibi harusi, kipaimara, harusi, msiba, kote wanaitwa wao: yeye na kamera, dada yangu, ambaye wote walimwita Mama Brayson kwa jina la mtoto wao, pembeni na taa yake ya waya mrefu, kitenge kimefungwa kiunoni, amesimama pale ambapo kamera haifiki.

Ndiyo maana hakuonekana popote. Aliwamulika maharusi wa watu mpaka moyo ukamchosha, maana ugonjwa wake ulikuwa moyo, hospitali walisema umekuwa mkubwa. Tulipomzika tulitafuta picha tukapata moja tu, ya kipaimara, wasichana wengi mbele ya kanisa, uso wake mdogo kama punje ya mahindi. Ilipokuzwa ikatoka ukungu. Mjukuu wa shangazi akabeba ukungu ule mbele ya jeneza, na mimi nikatembea nyuma nimeuma meno.

Lakini hilo ningelisamehe. Ambalo sikulisamehe ni kwamba Aminiel alipiga video ya msiba wa mke wake mwenyewe. Mvua ilikuwa kubwa, mbingu imefunga giza, mwili ukaagwa sebuleni badala ya uani, jeneza likafunguliwa, na huyo mwanamume akasimama juu ya dada yangu na kamera begani. Baadaye nilimuuliza, shemeji, ulipata wapi ujasiri ule?

"Kwani nani mwingine angepiga?" akasema.

Nikamwambia sitaingia nyumbani kwake tena maadamu kanda ile iko ndani. Na sikuingia.

Adhabu aliipata bila mimi. Alikonda. Siku moja alinifuata sokoni Kilombero, ninapouza ndizi, akasimama mbele ya meza yangu kama mteja asiye na haraka.

"Shemeji Kaanaeli, nikifumba macho namwona vile alivyolala," akasema. "Hivyo tu. Nimejaribu kumkumbuka akicheka, akipika, akinigombeza. Hanijii. Anakuja yule wa kwenye jeneza."

"Ulimtafuta mwenyewe," nikamjibu, nikageukia mteja mwingine. Lakini nami nilikuwa naanza kumsahau, na hilo lilinitisha kuliko nilivyotaka kukiri.

Kumbukumbu ya mwaka mmoja ilikuwa inakaribia, kaburi lijengewe, ndugu wakusanyike. Mama yetu, mzee sasa, alikuwa na ombi moja. Alitaka siku hiyo amwone Eunike. Picha yoyote, alisema, ila si ule ukungu. Mzigo huo ukamwangukia Aminiel, maana yeye ndiye fundi wa picha.

Wakati huohuo vijana fulani waliweka maonyesho kwenye ukumbi mdogo karibu na Mnara wa Saa: picha zao ukutani, na filamu fupi kwenye televisheni. Aminiel alipita akaingia, nadhani ili kuona kamera mpya na kuwacheka. Alinisimulia mwenyewe baadaye. Picha zilimkera. Kandambili mbili mlangoni. Mgongo wa mama anayechuma kahawa. Kiti kitupu, na kivuli cha mtu aliyekwisha ondoka. Yeye alizoea kwamba picha ni uso, tena uso uliotulia, uliopakwa poda. Akajisemea hawa hawajafundishwa, wanakata watu vichwa.

Kisha akakaa kuangalia filamu ya msichana mmoja, Brenda, ambaye bibi yake aliishi Nduruma. Bibi alikataa katakata kupigwa picha. Basi msichana akapiga kila kitu bibi alichogusa: kitasa kinachozunguka, kuku wanaokimbilia mtu tusiyemwona, maji yanayotikisika ndooni mtu akishaondoka. Filamu ikaisha bila uso wake kutokea. Aminiel alibaki kwenye benchi wengine wameinuka.

"Binti, mbona hukumwonyesha bibi yako?"

"Shikamoo, baba. Alikataa, nami sikutaka kumlazimisha. Kwani wewe hukumwona?"

Akamwambia amemwona. Akatoka pale, akaenda nyumbani kwa miguu.

Kuanzia hapo watu wakadhani amerukwa na akili. Alianza kuzungukia wateja wake wa zamani akiomba kanda za harusi zao. Alikuwa na kawaida moja ya kubana matumizi: mteja akishapewa nakala, kanda iliyotoka kwenye kamera hupigwa harusi nyingine juu yake. Kwa hiyo yeye hakuwa na kitu; kila kitu kilikuwa kwenye makabati ya watu. Wengine walimpa wakicheka. Ludovick wa Kisongo alikuwa na mke mwingine tayari, ile kanda ameificha juu ya dari, akampa kwa masharti kwamba isirudi.

Ikawa anaangalia harusi za watu bila kuwaangalia maharusi. Alitafuta pembeni. Na alipopata alikuja tena sokoni, safari hii ana haraka.

"Yumo, shemeji. Njoo umwone. Ile nyingine haipo tena, nimempiga yeye juu yake."

Maana yake alichukua kanda ya msiba, akarekodi juu yake vipande alivyookota. Nikasema nitakuja siku ya kumbukumbu, si kabla.

Siku hiyo, baada ya ibada na chakula, tulikaa sebuleni ileile, mapazia yamefungwa, mama akasogezwa karibu kabisa na televisheni. Aminiel akatia kanda kwenye deki ya video.

Hakukuwa na uso. Palikuwa na mwanga unaotembea ukutani, na kivuli chenye kilemba chenye fundo lile la pembeni alilokuwa akifunga dada yangu peke yake. Mkono unaoondoa waya miguuni mwa bibi harusi. Mahali MC anatania, watu wote wanacheka, na mwanga unaruka juu na chini, kwa sababu aliyeushika anacheka pia. Mama akasema, "Ndiye huyo." Akalia kwa furaha, na sisi wote.

Halafu nikaanza kuona jambo jingine. Kadiri miaka ilivyosogea, taa ilikuwa inashuka. Inamulika nyuso, mara inamulika vifua, mara meza. Na kila ikishuka, sauti ya Aminiel inasikika nyuma ya kamera: "Mama Brayson, inua taa." Taa inapanda. Harusi nyingine, inashuka tena, unasikia mtu anahema. "Inua taa, mama." Inapanda, inatetemeka. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba tunatazama ugonjwa. Angeweza kuziondoa sauti zile, ana mitambo. Aliziacha. Nilimtazama gizani, naye alikuwa ameshika magoti yake.

Filamu ikaisha. Lakini kanda ikaendelea kuzunguka, kwa maana filamu yake ilikuwa fupi na msiba ulikuwa mrefu, na fundi mzima alisahau hilo. Televisheni ikachafuka kidogo, kisha ikatokea sebule hii tuliyokaa, mvua juu ya bati, vilio, na kamera inasogelea jeneza.

Nikainuka kuzima. Nilikuwa nimefika kwenye deki, mkono umenyooka, ndipo nikaona kwamba hakuna kinachoonekana. Ndani ya jeneza palikuwa peusi. Uso uliomtesa mwaka mzima haukuwemo kwenye kanda hata kidogo, palikuwa na giza tu, kwa kuwa siku ile hakukuwa na mtu wa kumshikia taa.

Na katikati ya vilio, karibu kabisa na kipaza sauti, tukaisikia sauti ya Aminiel, ya kawaida, ya kazini, ya mtu asiyejua anachosema:

"Mama Brayson, inua taa."

Kamera ikasubiri. Ikasubiri sana. Nikauacha mkono ushuke, nikarudi, nikaketi sakafuni karibu na shemeji yangu.