Nondo Kumi na Mbili za Mtelemkoni

Njia ya kwenda shambani kwetu ilipita kando ya kijito ambamo wanawake waliloweka mihogo, na harufu yake kali ilitufuata hadi juu. Shamba lilikuwa kwenye mtelemko unaotazama Ziwa Tanganyika, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Ujiji. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya ukingoni mwa ziwa yaligeuka mekundu kwa siku mbili tatu, kisha yakatakata. Nilikuwa msichana wa miaka kumi, na niliuona wekundu ule kuwa tabia ya ziwa. Sikujua kwamba ni shamba letu lililokuwa likienda. Katika kona yake ya chini alizikwa baba, na kando ya kaburi mama aliacha hatua tatu za ardhi bila kuzilima. Alisema ni zake.

Msimu ule alikuja mtafiti wa udongo, kijana mpole ambaye mama alimwita bwana shamba, kama alivyomwita kila mtu mwenye daftari. Alipigilia nondo nyembamba kumi na mbili hadi vichwa vyake vikawa sawa na ardhi. Alitueleza kwamba mvua ikiondoa udongo nondo zitachomoza, naye atapima zimechomoza kiasi gani. Akaomba tusiziguse. Alipoondoka, baba mdogo alicheka.

“Shemeji, yule hapimi udongo, anapima nani ahamishwe. Shamba likionekana limekonda, watapanda miti hapa. Utakula majani.”

“Na baba watoto je? Nitamwacha kwenye msitu wa watu?” mama aliuliza. Hakuwa anatania.

Baada ya mvua ya kwanza nondo zilichomoza urefu wa kucha. Mama akanipa jiwe. “Zirudishe, mwanangu. Taratibu, zisipinde.” Nilizirudisha zote, kisha nikasawazisha udongo kwa kiganja. Nilifanya hivyo kila mvua ilipokatika, msimu mzima, na nakiri kwamba niliona fahari kwa jinsi nilivyokuwa mwangalifu. Ule mlio wa jiwe juu ya chuma bado unanijia nikiwa nimekaa peke yangu.

Mtafiti aliporudi alipiga magoti kwenye kila nondo. “Mama, shamba lako halisogei. Unafanyaje?”

“Nalima tu, bwana shamba.”

“Basi majirani waje wajifunze kwako.”

Mama akamfungia mihogo ya kwenda nayo. Kiangazi kilipofika, kijiji kilifuata vipimo vyake na kuchimba makingamaji, mitaro ya kuzuia mvua isibebe udongo, katika mashamba ya jirani. Letu likarukwa. Mvua za mwaka uliofuata zilichukua tabaka lote jeusi la juu na kukata korongo chini ya shamba. Mihogo ilibaki imening'inia kwa mizizi yake. Mwaka wa tatu tulihamia mjini, Katubuka, mama akaanza kuuza mawese, na juu ya nondo hatukusema neno.

Nimejifunza udongo mwenyewe, kwa vitabu vilivyotumika nilivyonunua sokoni Mwanga. Najua sasa kwamba tabaka lile jeusi ndilo lililokuwa na mboji na karibu naitrojeni yote, na kwamba wekundu wa chini yake una tindikali inayodumaza mizizi. Najua pia kwamba urefu wa kucha, kwenye shamba zima, ni malori ya udongo. Mashamba ya jirani yanalimwa hadi leo. Kila mwaka napanda kilima na futi kamba kupima korongo, na vipimo vyangu sasa ni vya kweli. Mwaka huu korongo limefika ukingoni mwa kaburi la baba. Hatua tatu za mama zimeondoka. Pamebaki hewa, na mwamba chini kabisa.

Niliporudi nilimkuta mama amekaa barazani. Miguu yake haipandi tena kilima. Aliniuliza, kama kila mwaka, nafasi yake ikoje.

“Iko vilevile, mama.”

Akaridhika, kisha akanielekeza upya upande atakaolazia kichwa.