Idi ya Ghorofa ya Kumi na Sita

Mwaka ule nyumba yetu ilinuka klorini. Ilinuka mpaka kwenye mito ya kulalia, mpaka kwenye wali. Kila asubuhi watu waliovaa nguo nyeupe za plastiki walipita kwenye ngazi za jengo letu la Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, mitungi mgongoni, wakipuliza dawa kuanzia ghorofa ya juu hadi chini, na mvuke wake ukipenya chini ya mlango na kutukuta tunakunywa chai. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mdogo wangu Abdul alikuwa na sita. Nikiisikia harufu ile leo, hata kwenye bwawa la kuogelea la chuo chetu, jambo linalonijia kichwani si ugonjwa, maana kwetu hakuna aliyeugua. Unanijia mlango mmoja.

Nieleze kwanza Idi zetu zilivyokuwa kabla ya maradhi yale yaliyofunga dunia nzima. Kwao Mama, Unguja, watoto wakishavaa nguo mpya huzunguka nyumba hadi nyumba, wakisalimia na kudai sikukuu yao, na hakuna nyumba inayowaachia mikono mitupu. Wafanyabiashara walioihamishia Guangzhou desturi hiyo hawakuwa na mitaa ya kuzunguka, kwa hiyo sisi watoto tulizunguka kwenda juu. Tulianzia ghorofa za chini, tukapanda ngazi tukipiga hodi kwa Watanzania, Wakenya na Wakomoro, kila mmoja akitupa visheti au kashata pamoja na sampuli za mali anayoisafirisha. Mzee wa Kikomoro alitoa vitochi. Kina dada wa Dar es Salaam walitoa vibanio vya nywele. Mama Junior, Mkenya wa ghorofa ya tano, alitoa makava ya simu, na wanawe aliwatuma wafuatane nasi ingawa Jumapili walikwenda kanisani. Alikuwa akicheka kwamba shuleni kwa wanawe, mwezi wa kumi, watoto huvishwa vinyago vya kutisha ndipo wapewe peremende, na kwetu hata kinyago hakihitajiki. Jioni nilipanga vitu vyangu vyote kitandani, na sijui tajiri gani alikuwa na raha kama yangu.

Mlango mkubwa kuliko yote ulikuwa wa ghorofa ya kumi na sita, kwa Mamkubwa Nasra. Hakuwa ndugu yetu wa damu. Alikuwa mtu wa Unguja kama Mama, amefika mji huu kabla ya wote, na Kichina chake kilikuwa chepesi kiasi kwamba malaoban, wenye maduka wa Zhanqian Road, walishusha bei kabla hajakaa kitini. Alisafirisha nguo za watoto, kwa hiyo kwake hatukupewa peremende tu, tulipewa fulana na magauni, tukavalishwa pale pale sebuleni, udi unafuka, yeye anatugeuza huku na huku kama mwenye harusi. Tulimpenda. Mama alimpenda zaidi, na alikuwa na sababu. Tulipohamia Guangzhou, Baba akabaki Kariakoo kuuza mzigo, wenye nyumba wengi walitutazama wakasema meiyou, hakuna, hata pale ambapo tangazo lilikuwa bado limebandikwa mlangoni. Mamkubwa Nasra alikuwa amepangisha nyumba kadhaa kwa jina lake, akatupa ya ghorofa ya saba. Mkataba ulikuwa wake. Tulilala chini ya paa kwa hisani yake, na Mama hakulisahau hilo hata akiwa anakula.

Halafu yakaja majira yale ya kuchipua ambapo watu weusi walitolewa majumbani kwa madai kwamba ndio wenye maradhi. Sitaki kulipamba wala kulipunguza. Hoteli ziliwakataa, wenye nyumba wakabadilisha vitasa, na kutoka dirishani kwetu niliwaona wanaume ninaowajua, watu waliokuwa wakininunulia juisi, wameketi juu ya masanduku yao chini ya daraja la barabara, mvua inanyesha pande zote mbili. Mama alikuwa akifunga pazia, kisha anarudi kulifungua achungulie tena. Ghorofani kwetu akapatikana mtu mmoja mwenye maradhi, nasi tukafungiwa ndani wiki mbili. Maofisa wa afya walitubandikia mlangoni king'ora kidogo cheupe, kila tulipofungua kuchukua chakula kilipiga kelele jengo zima lisikie. Tulipimwa, tukaonekana wazima, wakaja kukibandua. Gundi yake ilibaki mlangoni, na watu nao wakabaki na yao moyoni. Tukikutana kwenye lifti walishuka wakasema wamesahau kitu. Mamkubwa Nasra alikuwa akitusalimu kwa simu tu, na mara mbili alimuuliza Mama, kwa sauti ya mzaha, kama hana jamaa katika mji mwingine. Mzaha ule ulimnyima Mama usingizi. Nilikuwa nalala naye chumba kimoja, nilijua.

Idi ilipokaribia, mabishano yakaanza kwenye kundi la WeChat la kina mama wa jengo. Watoto wazunguke au wasizunguke? Mama aliwasha ujumbe wa sauti jikoni, nami nikasikiliza wote nikiosha vyombo. Mama Junior alikataa waziwazi. "Si mtulie tu mwaka huu," alisema. "Mtoi mmoja akishikwa na homa, ni sisi wote tunatupwa nje, na mnajua hawatauliza nani ni wa nani." Mzee wa Kikomoro alisema kupitia mkewe kwamba yeye ataning'iniza vitochi kwenye kitasa, mtoto achukue aende. Mwingine akasema misikiti imefungwa, shule zimefungwa, watoto wamegeuka rangi kama vitunguu vya kabatini, sasa hata siku moja wasitoke? Ndipo Mamkubwa Nasra akaingia, na alipoingia yeye mjadala ulikuwa umekwisha. "Idi bila watoto ni siku ya kufua tu," alisema. "Wavae barakoa, waje. Mlango wangu uko wazi kwa kila mtoto wa jengo hili." Mama aliurudia ujumbe huo mara nyingi. Alikuwa ndiye mwoga kuliko wote, aliyekuwa akituosha mikono mpaka inapauka, na nilishangaa aliposema, "Mtakwenda."

Asubuhi ya Idi kulikuwa na joto la mvua, kuta zinatoka jasho. Tulisali wenyewe sebuleni. Mama alipokea simu kwenye baraza dogo la kuanikia nguo, akarudi, akamfunga Abdul vifungo vya kanzu polepole sana, akatuvisha barakoa mpya. Alituambia tupitilize moja kwa moja mpaka ghorofa ya kumi na sita, milango mingine tuipigie hodi wakati wa kushuka. Nilidhani ni kwa sababu ya heshima ya Mamkubwa.

Nje ya mlango wake palikuwa na viatu vya watoto vimejaa. Nilivitambua vya binti wa kina dada wa Dar, vya wajukuu wa yule mzee, hata raba za Junior, ambaye mama yake alikuwa amekataa. Udi ulikuwa unatoka chini ya mlango. Nilipiga hodi. Nyayo zikaja, na kile kitundu cha kuchungulia kikawa cheusi kwa muda, halafu kikarudi kuwa cheupe. Hatukufunguliwa. Ndani mtoto aliuliza ni nani, na sauti ya Mamkubwa, ambayo ningeitambua katikati ya soko, ikasema, "Hakuna mtu. Kaleni." Abdul akasogeza mdomo kwenye ufa wa mlango, akavuta barakoa chini ili asikike vizuri. "Mamkubwa, ni sisi," alisema. Alisema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwenzake aliyekosea. Runinga ikaongezwa sauti.

Hatukupiga hodi kwa mtu mwingine. Tulishuka kwa ngazi, Abdul mbele, na kanzu yake ikafagia ile dawa ya asubuhi iliyokuwa haijakauka. Mama alikuwa amesimama mlangoni anatungoja. Aliangalia kwanza mfuko wetu, ndipo akatuangalia sisi. "Kasema hakuna mtu," Abdul alimwambia. Mama hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinawa mikono, akaifuta, akachukua simu, akafungua kundi la kina mama, akanisogezea mdomoni. "Mshukuru Mamkubwa kwa sikukuu," alisema.

"Sikukuu gani?"

"Salma, sema."

Nikasema. Nilisema ahsante Mamkubwa kwa zawadi nzuri, Mungu akuzidishie, na sauti yangu ilikuwa tamu mpaka nikajichukia. Abdul alikataa, akalia, Mama akambana bega kwa vidole mpaka naye akasema ahsante, na kwikwi zake watu wakadhani ni kicheko. Kina mama wakaanza kumwaga mioyo na maua kwenye kundi. Mmoja aliandika kwamba Mamkubwa ana roho ya pekee, kuwafungulia mlango hata wale waliokuwa wamefungiwa. Baada ya kitambo kirefu Mamkubwa akajibu kwa sauti, kavu kidogo: "Ahsanteni wanangu. Karibuni tena." Mama akaigeuza simu kifudifudi, akatupakulia pilau. Mzaha wa jamaa katika mji mwingine haukusikika tena, na tukakaa katika nyumba ile.

Tupo mpaka leo. Mkataba sasa ni wa Mama, jengo limebaki nusu tupu, na mimi nasoma chuo kikuu hapa hapa mjini. Mamkubwa Nasra alirudi Unguja; Mama alikwenda kumuaga uwanja wa ndege akalia, mimi sikwenda. Sikumsamehe. Abdul, ambaye sasa anakaribia kunifikia urefu, hajampigia hodi mtu yeyote siku ya Idi tangu siku ile. Akipewa sikukuu hupewa kwenye simu, anasema ahsante kwa kidole, na ukimuuliza husema milango ni mambo ya watoto. Hakuwahi kumaliza kuwa mtoto wa namna hiyo.

Idi ya mwaka huu kulikuwa na homa ya mafua mjini, na mama mmoja mgeni kutoka Tanga, wa ghorofa ya tisa, aliuliza kwenye kundi kama anaweza kuwatuma wanawe wazunguke au wenyeji wanaogopa. Mama aliandika, "Waje." Tulikuwa jikoni, yeye anakaanga visheti. Nikashindwa kunyamaza. Nilimwambia kwamba kuogopa maradhi si dhambi, na mtu mwenye hofu ana haki ya kufunga mlango wake. Lakini aseme mapema, amwambie mama mtu, asimwachie mtoto alijue jambo hilo akiwa amesimama kwenye viatu vya wenziwe. Nilimwambia kwamba kama Mamkubwa angesema mapema tu, mimi leo nisingekuwa na neno naye.

"Alisema," Mama akajibu.

Sikuelewa. Alizima jiko kwanza.

"Alinipigia asubuhi ile, nyinyi mnavaa. Akanambia, mdogo wangu, usinletee watoto, nnaogopa, nna presha na kisukari. Aliniomba radhi kabisa."

"Na ukatutuma."

"Nikawatuma. Nilijua wenzenu wamo ndani. Nikasema akiwaona hatothubutu kuwarudisha mbele ya watoto wa watu. Angewafungulia yeye, jengo zima lingetuona wasafi, na asingeweza tena kututoa. Hakufungua. Basi ikabidi jengo lisikie kwamba amefungua."

Alisema hayo bila kuinamisha macho. Nilimtazama mama yangu, mikono ina sukari mpaka kwenye kiwiko, na miaka yangu yote ya kumchukia yule mwanamke wa ghorofa ya kumi na sita ikakosa pa kukaa. Nilikasirika. Nikamuuliza kama alimwona Abdul alivyorudi siku ile, kama aliuona uso wake.

"Nilimwona," alisema. Akawasha tena jiko, akasubiri mafuta. "Na wewe nikuulize, Salma. Usiku ule mlilala wapi?"

Nikamjibu kwamba tulilala ndani.