Shuka la Bibi Futi na Makaburi ya Upande wa Uzio

Uvumi uliomganda Bibi Futi kama kupe ulikuwa huu: kwamba wafyatua matofali walichimba udongo mpaka upande wa uzio wa makaburi, wanakolazwa watoto wachanga, wakauchukua na vilivyomo.

Alizaliwa mwaka 1931, binti wa seremala aliyechonga misalaba ya kwanza ya makaburi ya mji wetu, akafundishwa cherehani na shangazi yake. Mwanawe wa pekee alifariki akiwa na siku tisa, mama mtu akiwa hoi kwa homa. Wakamzika bila yeye, akiwa amevalishwa kishati alichomshonea mama, chenye kifungo kimoja chekundu. Alipopata nguvu aliuliza, "Mmemlaza wapi?" Mashemeji wakamnyooshea kidole pembe ya uzio, basi. Msalaba ulikuwepo, lakini waliofyeka walichoma majani, na moto haujui kusoma. "Sahau, shemeji, utapata mwingine." Hakupata.

Ndipo alipoitwa kwenye kazi yake. Alichukua futi yake ya kupimia nguo, akapima kutoka langoni hadi kila kaburi ambalo mwenyewe bado alikumbukwa, akalishona kwenye shuka jeupe: uzi mweusi kwa mtu mzima, uzi mwekundu kwa mtoto. "Mama, unawapimia suti?" mchimba makaburi alimtania. "Nawapimia wasipotee kama wangu, baba." Miaka arobaini alipima. Misalaba ililiwa na mchwa, shuka likabaki. Wajane na yatima walimfuata, naye akawafikisha kwa wafu wao. Kwenye shuka, pembe ya uzio tu, alikolala mwanawe pasipojulikana, ilibaki nyeupe. Paroko alimwonea huruma, akamwambia atie mshono popote, roho itulie. Akajibu, "Padri, nikishona uongo mmoja, nani ataamini hii mingine?"

Alifariki mwaka 1998, akiwa ameomba alazwe kwenye pembe ile. Mchimbaji alikuwa amechimba hadi magotini alipoona kitu chekundu kwenye udongo. Akakipangusa kwa kidole. Kifungo. Akakirudisha, akafukia, akavua kofia, akaanza shimo jingine hatua moja pembeni. Wafyatua matofali hawakuwahi kufika pale. Jioni ile binamu wa Bibi Futi alitia uzi mwekundu kwenye shuka, na mweusi ubavuni mwake.

Basi, mama wenzangu, tumfuate, na tujihadhari:
Tusichome majani makaburini.
Tusitegemee msalaba wa mti bila jiwe.
Mama akiwa mgonjwa, tusizike mtoto wake bila kuweka alama ya kumwonyesha.
Tusibebe uvumi kumpelekea mfiwa.
Wala tusimwambie asahau.